Umri Uleule

Alhamisi, tarehe 26 Agosti 1965, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini amri fupi. Kwa karibu miaka 2 kabla ya hapo, kijana mwenye mke alikuwa akiwekwa nyuma ya makapera wote katika foleni ya kuitwa jeshini, hata kama hakuwa na mtoto. Amri mpya iliufunga mlango huo: atakayeoa baada ya saa sita usiku wa siku hiyo atahesabiwa sawa na kapera. Habari ilipotangazwa, vijana wakatazama saa. Jimbo la Nevada lilikuwa maarufu kwa ndoa za haraka, zisizodai vipimo vya damu wala siku za kusubiri. Kati ya saa tatu na saa sita usiku, ndoa 171 zilifungwa katika wilaya ya Clark, ulipo mji wa Las Vegas. Hakimu mmoja peke yake alifungisha 67.

Kijana wa miaka 20 aliyesimama mbele ya hakimu usiku ule alikuwa ameulizwa na serikali yake swali ambalo hakuna mtu wa umri huo anayepaswa kulijibu kwa saa tatu: huyu msichana utaishi naye maisha yako yote? Akijibu ndiyo, huenda asipelekwe Vietnam. Na jibu lenyewe halikumnunulia muda mrefu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, idara ya uandikishaji ilitangaza kwamba waume wasio na watoto nao wataanza kuitwa. Kinga ikahama kutoka kwenye cheti cha ndoa ikaingia kwenye mimba.

Tumezoea kuyasoma mapenzi katika kitabu kimoja na vita katika kingine. Mimi naamini ni habari moja. Penzi la ujana na vita vya dola kubwa vinamgombania mtu mmoja, wa umri uleule, na kinachogombaniwa ni muda wake. Asiyeelewa kwa nini penzi la miaka 18 huvunjika hataelewa kwa nini majeshi huwapenda watu wa miaka 18. Ndiyo maana katika sura hii nitaanzia mapenzini.

Penzi la ujana huvunjika, na nasema hivyo bila kumlaumu mtu. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwasoma vijana, aliandika mwaka 1950 kwamba mapenzi ya umri huo kwa kiasi kikubwa ni njia ya kujitafuta. Kijana hummiminia mwenziwe sura yake mwenyewe ambayo bado imefifia, kisha huitazama ikirudi taratibu ikiwa wazi zaidi. Kwa maelezo ya Erikson, hii ndiyo sababu wapenzi wachanga huongea sana. Wazazi hugonga mlango wakidhani kuna jambo la aibu, kumbe ndani wawili hao wanasimuliana utoto wao, ndoto zao, na namna wanavyomchukia mwalimu fulani. Kazi hiyo ikiisha, kila mmoja akishajijua kidogo, mara nyingi hugundua kwamba aliye mbele yake ni mtu mwingine kabisa, mwenye safari yake.

Mwili nao una yake. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Helen Fisher, walichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watu 17 waliokuwa katika moto wa penzi jipya. Kila walipoonyeshwa picha ya mpenzi, sehemu zilizowaka zilikuwa zile za ndani kabisa, zinazoendesha hamu na matarajio ya malipo. Katika umri wa ujana, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, bado haijakomaa, na haikomai mpaka mtu afike katikati ya miaka yake ya ishirini. Kijana basi ana injini kamili na breki ambazo bado zinafungwa.

Takwimu zinasema hivyohivyo. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wanawake walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18 waliona ndoa zao za kwanza zikivunjika ndani ya miaka 10 kwa asilimia 48. Kwa walioolewa wakiwa na miaka 25 au zaidi, asilimia hiyo ilishuka hadi 24, nusu kamili. Miaka michache tu ndiyo iliyowatenganisha, lakini ndani ya miaka hiyo mtu huwa ameshamaliza shule, amepata kazi, amekosa kazi, amezika mzee wake, amejua anachokitaka.

Kuvunjika huko si msiba. Wengi wetu tulipenda shuleni, tukaandikiana barua, tukalia likizo zilipoanza, kisha maisha yakatupeleka huku na kule. Mmoja akaendelea na masomo, mwingine akaanza kazi, na siku moja tukakutana kituo cha basi tukasalimiana kwa furaha ya kweli, kila mmoja akiwa na watoto wake. Tuliachana kwa sababu tulikua, na penzi lile lilikuwa limeshafanya kazi yake. Penzi la ujana lina haki ya kufa kifo chake lenyewe. Na mara mojamoja, likipewa muda wa kutosha na bahati, lina haki ya kuishi.

Haki hiyo ndiyo vita huichukua kwanza.

Marekani ya miaka ya 1960 iliwaita jeshini wanaume kuanzia miaka 18 na nusu hadi 26. Kupiga kura, katika majimbo mengi, kulihitaji miaka 21. Sharti hilo lilibadilishwa Julai 1971 tu, vita vikiwa vimeshakula kizazi. Katika majina zaidi ya 58,000 yaliyochongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam jijini Washington, umri wenye majina mengi kuliko mwingine wowote ni miaka 20. Karibu kila mtu wa miaka 20 aliyekufa bondeni A Shau mwaka 1969 hakuwahi kupata nafasi ya kumpigia kura rais aliyemtuma huko wala yule aliyemrithi.

Na wenye kura walipigaje? Tarehe 2 Agosti 1964, boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Kimarekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye serikali ya Johnson ikatangaza kwamba kumekuwa na shambulio la pili. Shambulio hilo la pili halikutokea. Mabaharia wenye wasiwasi walikuwa wamesoma vivuli kwenye mitambo yao usiku wa bahari chafu, na nahodha aliyekuwa kiongozi wao alituma ujumbe siku ileile akitaka mambo yachunguzwe upya kabla ya hatua kuchukuliwa. Hawakumsubiri. Tarehe 7 Agosti Bunge lilimpa Rais ruhusa ya kutumia nguvu atakavyoona inafaa. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 416 kwa 0, na katika Seneti 88 kwa 2. Waliokataa ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Gruening alikuwa na miaka 77. Wote wawili walishindwa katika chaguzi za mwaka 1968.

Kongresi ya Marekani haijatangaza vita rasmi tangu Juni 1942. Vietnam haikutangazwa, wala Iraq, wala Afghanistan. Mara zote tatu lilipitishwa azimio la ruhusa, haraka, nchi ikiwa na hasira au hofu. Siku 3 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California, na vitisho vya kumuua vilimiminika ofisini kwake mpaka akawekewa ulinzi. Yeye alikuwa ameomba jambo dogo: tusubiri, tufikiri, ruhusa hii ni pana mno. Ukiziweka kura hizi mbili pamoja unaona wabunge wazima, wenye mvi, wakifanya lile tunalowakanya vijana wetu wasilifanye, yaani kutoa ahadi ya maisha yote katika usiku mmoja wa moyo kwenda mbio. Tofauti ni kwamba gharama ya ahadi yao haikuwafikia wao.

Iliwafikia watoto wa watu kwa utaratibu uliopangwa vizuri. Askari wa kawaida alikaa Vietnam miezi 12. Wa kikosi cha Marine, 13. Kila mmoja alikuwa na tarehe yake ya kurudi, akihesabu siku peke yake, kwani wengi hawakwenda na kurudi pamoja kama kikosi. Barua ilichukua siku kadhaa kila upande, kwa hiyo swali lililoulizwa kwa uchungu lilijibiwa baada ya uchungu kupoa, au kugeuka. Wengine walitumiana kanda za sauti. Katikati ya mwaka kulikuwa na likizo ya wiki moja, na walio na wake wengi wao walikutana nao Hawaii, hotelini Honolulu, siku chache za kujifanya watu wa kawaida kisha uwanja wa ndege tena.

Sisi husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na wapenzi waliotenganishwa na mabara wanajua maana yake. Lakini umbali wa maili si tatizo kubwa kuliko yote. Wako mabaharia wa Lamu na Unguja waliokaa mbali kwa misimu mizima ya kaskazi na kusi na wakarudi wakakuta nyumba imesimama. Vita humbadilisha mmoja na kumwacha mwingine alipokuwa. Msichana aliyebaki Ohio anaandika habari za mahafali na gari jipya la kaka yake. Kijana aliye Quang Ngai ameshaona kijiji kikiungua, na hawezi kuliweka hilo kwenye karatasi, kwa hiyo anaandika kuhusu mvua. Baada ya miezi kadhaa barua zao zinasafiri bila wao. Ndipo ile barua ya kuachwa inapofika. Askari wa Marekani waliiogopa na kuisimulia kwa hasira, na nyimbo na filamu zikamtwika msichana lawama zote. Naona hilo ni dhuluma. Msichana wa miaka 19 alifanya kile ambacho angekifanya hata bila vita: alikua. Anayestahili kuulizwa ni aliyemtenga na mpenzi wake katika mwaka uleule ambao walihitaji kuwa karibu ili ama wakue pamoja, ama waachane kwa heshima.

Ron Kovic alizaliwa tarehe 4 Julai 1946, siku ya uhuru wa nchi yake, na akakulia Massapequa, mji mdogo wa jimbo la New York. Alijitolea mwenyewe kuingia Marine mwaka 1964, akiwa ametoka tu shule. Januari 1968, akiwa na miaka 21, risasi ilimkata uti wa mgongo na kumwacha bila hisia kuanzia kifuani kwenda chini. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, kilichobeba jina la siku aliyozaliwa, aliandika waziwazi jambo ambalo wanaume wengi wangelizika: kwamba alikuwa ameutoa mwili wake kabla hajapata kujua vizuri mwili huo unaweza kupenda vipi. Anakumbuka wasichana wa mtaani kwao, dansi za shule, aibu ya ujana. Penzi lake halikupata hata nafasi ya kuvunjika. Kovic akawa miongoni mwa maveterani waliopaza sauti kali dhidi ya vita, na mwaka 1972 alikwenda kwa kiti chake cha magurudumu hadi ndani ya mkutano wa chama cha Republican huko Miami Beach kumpigia kelele Rais Nixon. Wapo waliomwita msaliti. Mimi namwona kama mtu aliyekuwa na haki kuliko wote mle ukumbini.

Upande wa pili wa risasi kulikuwa na vijana pia, na ni aibu kwamba vitabu vingi vya Kimarekani kuhusu vita hivyo huwataja kama miti ya msituni. Serikali ya Vietnam ilitoa makadirio yake mwaka 1995: raia hadi milioni 2 na wapiganaji milioni 1.1. Nyuma ya idadi hizo kuna mamilioni ya mapenzi. Kaskazini, serikali iliendesha kampeni iliyowataka vijana waahirishe mambo matatu: asiyependa asubiri kupenda, aliyependa asubiri kuoa, aliyeoa asubiri kuzaa. Sipendi dola yoyote inapoingia chumbani mwa vijana kiasi hicho, na watawala wa Hanoi nao wana maswali yao ya kujibu. Ila ndege za kivita zilikuwa juu ya Hanoi na Haiphong. Hakuna ndege ya Vietnam iliyopita juu ya Massapequa. Nchi iliyofuatwa kwao na nchi iliyokwenda kwa watu haziwezi kupimwa kwa mizani moja, na ndiyo maana maswali makali zaidi lazima yaelekezwe kwa mwenye nguvu. Kwake vita vilikuwa hiari.

Dang Thuy Tram alikuwa binti wa Hanoi, mtoto wa daktari wa upasuaji, naye akasomea udaktari. Tangu akiwa na miaka 16 alimpenda kijana ambaye baadaye alikwenda kupigana kusini. Alipohitimu aliomba kupelekwa huko huko, akatembea kwa miguu milimani kwa wiki nyingi, akaishia kuongoza zahanati ya msituni wilaya ya Duc Pho, mkoa wa Quang Ngai. Shajara yake iliyosalia inaanza Aprili 1968. Ndani yake mpenzi huyo anaitwa M. tu. Walikuwa wameshakutana tena, na penzi lilikuwa limepoa. M. ni askari aliyekomazwa na miaka ya mapigano, asiye na maneno, na Thuy Tram ni msichana aliyevuka nusu ya nchi akitegemea kumkuta yuleyule. Anamlaumu, anajilaumu, anaapa kumsahau, ukurasa unaofuata anamkumbuka tena. Kati ya aya za uchungu huo kuna upasuaji alioufanya bila dawa ya kutosha, mgonjwa kijana aliyefia mikononi mwake, zahanati iliyochomwa na kujengwa upya. Mtu akiondoa jina la mahali, zile aya za mapenzi zingeweza kuandikwa na mwanachuo wa Morogoro au Eldoret. Aliuawa na wanajeshi wa Marekani Juni 1970, akiwa na miaka 27.

Daftari zake zilimfikia Fred Whitehurst, mpelelezi kijana wa jeshi la Marekani ambaye kazi yake ilikuwa kupekua karatasi zilizotekwa na kuchoma zisizo na faida ya kijeshi. Mkalimani wake, askari wa Vietnam Kusini, alimsihi asiichome hii, kwani tayari ina moto ndani yake. Whitehurst akavunja amri. Alikaa nazo zaidi ya miaka 30, na mwaka 2005 mama yake Thuy Tram, aliyekuwa bado hai Hanoi, akazisoma. Kitabu kilipotoka mwaka huo kiliuzwa kwa mamia ya maelfu. Vijana wa Vietnam waliozaliwa baada ya vita walikuwa wamelishwa habari za mashujaa maisha yao yote. Humu walimkuta mtu aliyeachwa na mpenzi wake kisha akaamka asubuhi kwenda kazini, na wakamwamini.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba waliovipinga vita walipata thawabu mapenzini. Haikuwa hivyo. David Harris, aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikataa kuitwa jeshini na akawahimiza wengine wakatae. Joan Baez, mwimbaji maarufu, alikuwa amefungwa kwa kuzuia lango la kituo cha uandikishaji, na wakajuana katika harakati hizo. Walioana Machi 1968. Yeye Harris alikuwa na miaka 22. Julai 1969 polisi wa serikali kuu walikuja kumchukua nyumbani kwao, Baez akiwa mjamzito. Mwezi uliofuata alipanda jukwaani Woodstock na tumbo lake, akawaambia maelfu ya watu habari za mume wake aliye gerezani. Mtoto akazaliwa Desemba, baba akiwa ndani. Harris aliachiwa Machi 1971 baada ya miezi kama 20, na muda si mrefu wakatengana. Talaka ilitoka 1973.

Watu wenye msimamo mmoja, ujasiri mmoja, adui mmoja. Hata hivyo mtu aliyekaa gerezani miezi 20 hatoki yule aliyeingia, na mama aliyelea mtoto peke yake si bibi harusi wa mwaka juzi. Penzi halikujali nani alikuwa na haki. Lilihitaji muda wa pamoja, nao ulikuwa umechukuliwa. Harris alilipa gharama ya kukataa vita kwa njia inayofanana sana na waliolipa gharama ya kwenda.

Muda wenyewe, wakati huo, uligawiwa kwa tabaka. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliahirishiwa kuitwa. Mtoto wa mkulima wa Mississippi au wa mfanyakazi wa kiwanda Detroit, asiye na karo, hakuahirishiwa. Mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alishusha viwango vya kupokea askari, na zaidi ya wanaume 300,000 ambao wangekataliwa kwa alama zao ndogo za mtihani wakaingizwa jeshini. Wengi walikuwa maskini, na sehemu kubwa walikuwa Weusi. Martin Luther King aliutaja mgawanyo huo katika kanisa la Riverside, New York, tarehe 4 Aprili 1967, aliposema wazi kwamba vita vinawatuma vijana Weusi maelfu ya maili kutetea uhuru ambao hawakuupata kwao. Magazeti makubwa yalimshambulia kwa hotuba hiyo.

Sasa mtazame Dick Cheney wa Casper, Wyoming. Alianza kupendana na Lynne Vincent wakiwa sekondari, wakaoana Agosti 1964. Aliahirishiwa kuitwa jeshini mara 5: mara 4 kama mwanafunzi, na ya mwisho, Januari 1966, kwa kuwa mkewe alikuwa na mimba. Yote yalikuwa halali kisheria, na yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba miaka hiyo alikuwa na vipaumbele vingine. Ndoa yao ilidumu mpaka kifo chake mwaka 2025, miaka 61. Hilo ni penzi la ujana lililodumu, na silidharau. Lilidumu kwa sababu ambazo nimekuwa nikizieleza: wawili hao walipata miaka yao ya ishirini wakiwa pamoja, wakasoma, wakakosana, wakapatana, wakalea. Walikua upande mmoja.

Kisha mtu huyo, akiwa Makamu wa Rais, akawa miongoni mwa waliosukuma kwa nguvu uvamizi wa Iraq wa Machi 2003, kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Wamarekani karibu 4,500 walikufa huko, na Wairaki kwa mamia ya maelfu. Simshangai Cheney kwa kuupenda ujana wake na Lynne na kutaka kuulinda. Ninachomdai ni kwamba alijua. Alijua kuliko wengi thamani ya ile miaka, kwa kuwa aliitetea mara tano kwa maandishi, na bado aliwaomba wengine waitoe kwa sababu ambayo haikustahimili uchunguzi.

Hapo ndipo lilipo swali langu kwa taifa lenye nguvu. Wachambuzi huuliza kama vita vilifanikiwa, vilitumia dola ngapi, vilibadilisha ramani vipi. Mimi nataka kila anayepiga kura ya vita aeleze kwanza kwa nini mtu wa miaka 20 anyimwe miaka yake. Nyaraka za Pentagon, kurasa kama 7,000 ambazo magazeti yalianza kuzichapa Juni 1971, zilithibitisha kwamba kwa Vietnam jibu halikuwepo: serikali moja baada ya nyingine iliwaambia wananchi mambo yaliyopishana na iliyokuwa ikiyajua ndani. Daniel Ellsberg, aliyezitoa, alikuwa mtaalamu wa vita. Kilichomgeuza, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kumsikiliza Agosti 1969 kijana mmoja, Randy Kehler, akisema kwa utulivu na hata kwa furaha kwamba karibuni atakwenda gerezani kuungana na rafiki zake waliokataa kuitwa. Ellsberg alitoka ukumbini, akajifungia chooni, akalia kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka 38. Alitambua kwamba nchi yake imefika mahali ambapo jambo bora vijana wake wanaloweza kufanya ni kwenda jela.

Kuita kwa lazima kulikomeshwa mwaka 1973, na wengi wakadhani suala limekwisha. Lakini Kabul, tarehe 26 Agosti 2021, bomu la kujitoa mhanga liliua Waafghani zaidi ya 150 waliosongamana kwenye lango la uwanja wa ndege, pamoja na wanajeshi 13 wa Marekani. Watano kati ya hao 13 walikuwa na miaka 20. Barbara Lee alipopiga kura yake ya peke yake, walikuwa vichanga.

Siku hizi jeshi la Marekani hupokea wanaojitolea kuanzia miaka 17 kwa idhini ya mzazi, na linawatafuta shuleni. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 ilizitaka shule za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji majina, anwani na namba za simu za wanafunzi. Anayekuja na fomu huja na ahadi ya karo, mshahara na, kwa mwenye kibali cha ukaazi, njia fupi ya uraia.

Habari hii imeshaingia majumbani mwetu. Familia za Wakongo zilizotoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na kupokewa kama wakimbizi Kentucky, Texas au Ohio zinalea watoto wanaozungumza Kiswahili jikoni na Kiingereza barabarani. Tangu 1980 sheria imewataka karibu wanaume wote wanaoishi huko, wakimbizi wakiwemo, waandikishwe wanapofika miaka 18, ili majina yawepo iwapo siku moja kuita kwa lazima kutarejeshwa. Hilo halina hiari. Lakini la waandikishaji wa shuleni lina hiari: sheria ya elimu inampa mzazi haki ya kuiandikia shule ikatae kutoa habari za mwanawe kwa jeshi. Karatasi hiyo huweza kupotea kwa urahisi katikati ya fomu za mwanzo wa mwaka wa masomo, hasa kwa mama anayesoma Kiingereza kwa shida. Aiulizie ofisini. Aende na kijana mwenyewe, waisome pamoja, na wakiwa njiani kurudi amuulize kama kuna mtu anampenda.